Mtengo, Si Ukandaji

Neno "ukandaji" limeanza kuzoeleka kama fasiri ya "zoning" katika michezo ya kompyuta ya kujenga miji, nami siwezi kulinyamazia. Kitenzi kukanda kina kazi zake tangu zamani: unga hukandwa, mzazi hukandwa baada ya kujifungua, aliyeteguka mguu hukandwa kwa maji ya moto. Kamati ya istilahi iliyolipitisha ilitwaa ukanda, ikapachika viambishi, ikafunga kikao bila kujiuliza msikilizaji atasikia nini. Msikilizaji anasikia unga.

Wapo waliojaribu kuokoa jahazi kwa "upangaji wa kanda". Ni nafuu, lakini kasoro imo kwenye mzizi. Kwa Wagiriki wa kale, zone ulikuwa mshipi wa kiunoni. Walatini wakaurithi, na wanajiografia wakaupa kazi ya kutaja mikanda ya joto na baridi inayoizunguka dunia. Hapo ukanda wetu unafaa kabisa, na Kanda ya Ziwa, yenye mikoa kadhaa, inastahili jina lake. Lakini neno halikuishia hapo. Mwaka 1915 jengo la Equitable lilikamilika New York na kuwafunika majirani zake kwa kivuli. Mwaka uliofuata jiji likatunga kanuni za "zoning": nini kijengwe wapi na kwa kimo gani. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakipa haki kijiji cha Euclid, jimboni Ohio, kutunga kanuni za namna hiyo. Kufikia hapo mshipi ulikwisha kufunguliwa. Kilichobaki ni mamlaka kuamua mapema kwamba ardhi hii ni ya makazi, ile ya biashara, na ile ya viwanda. Anayeng'ang'ania ukanda leo anatafsiri kaburi la neno.

Pendekezo langu ni mtengo, wingi mitengo, kutoka kutenga. Njia ya kuliunda ni ya Kiswahili safi: panga huzaa mpango, gawa huzaa mgawo, changa huzaa mchango. Na maana tunayo tayari. Fedha za bajeti hutengwa kabla hazijatumika. Chakula hutengwa kabla mlaji hajanawa mikono. Kutenga ni kuweka kando kwa ajili ya anayekuja.

Hicho ndicho afanyacho mchezaji wa SimCity, mchezo wa Will Wright uliotolewa na kampuni ya Maxis mwaka 1989. Meya wa mchezo huu hajengi nyumba hata moja. Anaweka mraba wa vigae vitatu kwa vitatu wenye herufi R, yaani makazi, katikati, na kwa muda hakuna kitu hapo ila ardhi tupu. Usipofikiwa na umeme, alama ya radi inamwekamweka juu yake. Ukipata umeme na njia, wakazi huja wenyewe na kujenga, au hawaji. Upo mtengo uliojaa maghorofa, na upo mtengo ambao haukupata mtu. Sijaona "kanda" inayoweza kubeba tofauti hiyo.

Nilipolitetea neno hili mbele ya wenzangu, mmoja wao, anayejiona mlinzi wa lugha kuliko sisi sote, alidai kwamba kutenga ni kumsusa mtu. Nimjibu hapa. Ndiyo, kutenga kuna upande huo, na upande huo unalifaa jambo lenyewe. Kiwanda hutengwa mbali na makazi kwa sababu moshi wake hushusha thamani ya ardhi, kwenye mchezo na nje ya mchezo. Nairobi ya kikoloni iliwatenga Wazungu, Waasia na Waafrika kwa mipaka ya mitaa. Istilahi inayokumbusha kwamba ramani huweza kubagua watu ni istilahi kweli.

Limebaki neno la kusawazisha. Kuuita uhusiano wa makazi, biashara na viwanda "usawa wa kanda" ni kosa juu ya kosa, kwa kuwa humfundisha mchezaji kuweka sehemu tatu zenye ukubwa mmoja. Kwenye SimCity ya kwanza viwanda huuza nje ya mji, ilhali biashara hutegemea soko la ndani; kwa hiyo mji mchanga huhitaji viwanda kwanza, na biashara huongezeka kadiri watu wanavyoongezeka. Makazi yakishakua huhitaji uwanja wa michezo, viwanda huhitaji bandari, na biashara huhitaji uwanja wa ndege, la sivyo ukuaji hukwama. Huo ni uwiano, na kitenzi chake ni kuwianisha. Kusawazisha tuwaachie wenye mizani na wenye kuchonga barabara.

Kwa matumizi, basi: tenga mitengo ya makazi, ya biashara na ya viwanda, tazama vipimo vya mchezo vinavyoonyesha mahitaji ya kila aina, wianisha. Mfasiri atakayeandika hivyo ataeleweka na mtoto aliyeshika kompyuta na ofisa ardhi wa halmashauri, kwa sababu wote wawili wamekwisha kusikia juu ya kiwanja kilichotengwa kwa ajili ya shule. Kamati zinazokataa neno ambalo wananchi wanalo mdomoni zitueleze zinamtungia nani.