Kiwavi wa Matufaha na Sumu

Tunda tunenalo ni tufaha la Ulaya, si lile la pwani yetu. Adui yake ni nondo mdogo wa rangi ya majivu, ambaye kiwavi wake hutoboa tunda mpaka moyoni, akala mbegu. Akiisha kuingia, dawa ya kunyunyiza haimfikii tena. Sharti auawe angali akitambaa nje.

Huko Marekani, katika Massachusetts, mwaka 1892 ilijaribiwa sumu ya risasi na aseniki juu ya nondo wa aina nyingine aliyekuwa akiharibu miti. Ilishika vema majani, wala haikuyaunguza sana, nayo ikaenea katika mashamba ya matufaha. Lakini huko Grand Junction, Colorado, wakulima walizidisha kunyunyiza, na viwavi walizidi kuingia. Je, dawa ilikuwa mbovu, au mdudu amegeuka?

Bwana W. S. Hough wa Virginia alilipima jambo hili kwa njia ambayo sisi twaiona nzuri kwa wepesi wake. Aliwatia viwavi wa Colorado na wa Virginia juu ya matufaha yenye sumu ile ile. Mwaka 1928 alitangaza kwamba wale wa Colorado waliingia wengi zaidi. Basi mdudu ndiye aliyegeuka: miaka mingi sumu iliwaua wanyonge, wakazaa wale waliosalimika.

Baada ya 1945 ikaja D.D.T., na baada ya miaka michache nondo akaizoea hiyo nayo. Risasi, kwa kuwa haiozi, ingali katika udongo wa mashamba ya kale, hata pale palipojengwa nyumba.