Sheria Hufika Baada ya Matanga

Wasee, mimi naishi Lang'ata. Ndege za Wilson zikipita juu ya paa letu, hata siinui kichwa. Lakini Machi 5, 2024, ndege ya abiria iliyotoka pale iligongana na ndege ndogo ya mafunzo juu ya mbuga ya Nairobi. Wawili waliokuwa kwenye ile ndogo wakafariki. Nikaanza kujiuliza: huko juu, nani hupanga nani apite wapi?

Chuo niliacha, kusoma sikuacha. Nikachimba mpaka Marekani, 1956. Asubuhi ya Juni 30, ndege mbili za abiria ziliondoka Los Angeles zikifuatana kwa dakika 3 tu. Zikagongana juu ya Grand Canyon. Watu 128, hakuna aliyepona.

Enzi hizo, sehemu kubwa ya anga ilikuwa haina rada. Rubani alitegemea macho yake. Na manze, kinachoniuma ni hiki: mwongoza ndege kule Salt Lake City alikuwa na ripoti za zote mbili. Futi 21,000, eneo moja, dakika ile ile. Hakuna kanuni iliyomtaka awaonye. Simlaumu. Nalaumu waliotunga kanuni.

Bunge lao likaamka polepole. 1957 likapitisha sheria ya kuboresha njia za anga. Halafu 1958, Aprili na Mei, ndege za jeshi zikagongana na za abiria mara mbili, watu 61 wakafa. Kesho yake baada ya ajali ya Mei, seneta Mike Monroney akawasilisha mswada. Agosti 23, Rais Eisenhower akautia saini. Ndipo FAA ikazaliwa, shirika moja la kupanga anga kwa ndege za raia na za jeshi.

Unadhani somo liliingia? Januari 29, 2025, jijini Washington, helikopta ya jeshi na ndege ya abiria ziligongana. Watu 67. Wachunguzi wakafungua rekodi: kwa miaka kama mitatu hivi, helikopta na ndege zilikuwa zimekaribiana vibaya mara 85 hapo hapo. Julai, Bunge likatoa dola bilioni 12.5 za kubadilisha rada na mitambo iliyozeeka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu ufa ulionekana mara 85.

Bajeti yetu ikisomwa, sisi hukimbilia bei ya unga na mafuta, na ni haki yetu. Lakini mwaka huu mimi natafuta pia pesa za usalama wa anga ziko wapi. Nitauliza kabla ya matanga.