Nne ya Nakuru

Wasikilize wachuuzi wa Nakuru wakihesabu kwa lugha za nyumbani. Kwa nne, Mkalenjin husema ang'wan, Mmaasai ong'wan, Mjaluo ang'wen. Jirani yao Mkikuyu husema inya, ndugu wa nne yetu ya Kiswahili. Jamaa mbili kubwa, ya Kiniloti na ya Kibantu, zinasikika katika soko moja. Maneno haya yanafanana kwa undugu, na Ulaya nako ni vivyo hivyo: quattro ya Kiitaliano, cuatro ya Kihispania, quatre ya Kifaransa na patru ya Kiromania zote zimezaliwa na quattuor ya Kilatini.

Mkusanyiko huu wa Nakuru haukuja kwa hiari tu. Reli ilifika mwaka 1900. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai katika malisho ya Bonde la Ufa, wengi wakapelekwa Laikipia. Ule wa 1911 ukawang'oa huko nako na kuwasukuma kusini. Walowezi wakagawana ardhi, na kazi za reli na mashamba zikawavuta Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo na Wakalenjin. Wamaasai walihamishwa, lakini Naivasha na Longonot bado tunayaita kwa Kimaasai.

Tukirudi kwenye lugha zenyewe, Kilatini kilikuwa na bahati ya kuandikwa. Binti yake mmoja, Kidalmatia, alikufa mwaka 1898 pamoja na msemaji wake wa mwisho, na bado mama anasomeka vitabuni na kwenye mawe ya Roma. Mama wa Kinandi, Kikipsigis, Kitugen na Kidatoga cha Tanzania hakuacha hata herufi. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill, kando ya mji, mwaka 1937 na 1938, akafukua makaburi, vyungu na mashimo yanayohusishwa na Wasirikwa, wakazi wa kale wa eneo hili. Vyungu havitamki neno. Lugha ya kale hutafutwa vinywani mwa walio hai, kwa kulinganisha binti na binti, sauti kwa sauti.

Ndiyo maana hali ya msitu wa Mau, makao ya Waogiek, inanitia hofu. Kiogiek ni cha ukoo huohuo wa Kikalenjin, na wasemaji wake wengi wameshahamia lugha za majirani. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafukuza msituni. Hukumu ile ilihusu ardhi kwanza, lakini watoto wa Mariashoni na Nessuit, huko Mau, wakikosa pa kukulia pamoja, hawatakuwa na wa kuzungumza naye Kiogiek.