Nyumba Zilihesabiwa, Vyumba Vikasahauliwa

Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ilimtuma ofisa wake, J. A. K. Leslie, achunguze maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam. Ripoti yake, iliyochapwa kuwa kitabu mwaka 1963, ilionyesha jambo ambalo watunga sera walichelewa kulishika: masikini wa mji hakai kwenye nyumba, anakaa kwenye chumba. Nyumba ya Kiswahili yenyewe imejengwa kwa hesabu hiyo. Korido hupita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani kuna choo na mahali pa kupikia, na barazani mbele mama lishe anaweza kuteleka chungu chake. Mwenye nyumba hulala chumba kimoja, vingine akapangisha. Kwa mtu asiye na pensheni, kodi ya vyumba hivyo ndiyo pensheni. Kwa kijana aliyeshuka juzi kutoka bara, chumba kimoja cha bei ndogo ndicho mlango wa mji.

Shirika la Nyumba la Taifa lilipoanzishwa mwaka 1962, lilianza kwa kubomoa. Nyumba za miti na udongo za Magomeni na kwingineko ziliondolewa, zikasimamishwa za matofali. Nia ilikuwa njema, wala sioni haki ya kuibeza: taifa jipya lilitaka raia wake waache kuishi penye matope. Lakini fedha na saruji nyingi zilitumika kurudisha paa palipokuwa na paa, huku wahamiaji wakiongezeka kila msimu. Ndipo mwaka 1972 serikali ikageuza sera, na kwa mkopo wa Benki ya Dunia ikaanza kupeleka barabara na mabomba ya maji Manzese badala ya tingatinga, na kupima viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni.

Wapo wanaosema kuacha kubomoa ni kubariki vurugu, na gari la zimamoto halipiti kwenye vichochoro. Ni kweli, na bonde la Msimbazi, linalofurika, si mahali pa kulaza mtoto. Lakini waliotolewa humo na kuhamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 walipewa ardhi mbali mno na Kariakoo, mahali ambapo kibarua na mchuuzi hupata riziki ya siku, na baadhi yao walirudi bondeni. Hoja nzito zaidi ni ya Sinza: viwanja vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini viliishia kwa wingi mikononi mwa wenye nacho. Naikubali, ila siioni kuwa ushahidi dhidi ya mageuzi ya 1972. Kiwanja humfaa anayeweza kujenga. Aliyekuwa akilipia chumba kwa mwezi hakuwemo kwenye hesabu tangu mwanzo, si enzi za tingatinga wala enzi za viwanja.

Mradi wa nyumba wa Magomeni Kota ulifanya tofauti. Majengo mapya yalipozinduliwa Machi 2022, waliopewa kipaumbele walikuwa kaya 644 zilizokuwa zikiishi kwenye kota za zamani za serikali zilizokuwa hapo, zikihesabiwa kaya kwa kaya. Iliwezekana kwa sababu walikuwa wapangaji wa serikali, wenye orodha. Mpangaji wa Manzese mara nyingi hana hati wala mkataba wa maandishi. Anayemjua ni mwenye nyumba wake na, akibahatika, mjumbe wa shina.