Njia ya Kushuka Ziwani

Mtoto wa kaka yangu alikuja Munanila na ramani kwenye simu. "Baba mdogo," akasema, "nataka kutembea kwa miguu ufukweni, kutoka Kagunga mpaka Kigoma. Siku nne zinatosha." Kilomita alikuwa ameshazihesabu zote. Nikamuuliza, mwezi utakuwaje siku hizo? Akanitazama tu.

Marehemu babu angeanza na hilo. Kila kiangazi alibeba maharage kutoka huku juu akateremka nayo hadi Ziwa Tanganyika, akarudi na dagaa. Wavuvi wa ziwa lile huwavuta dagaa kwa mwanga, zamani kwa mienge ya moto, baadaye kwa karabai, na mbalamwezi ikiwaka mwanga wao haufui dafu. Usiku huo mitumbwi hulala mchangani. Kwa hiyo babu alisubiri giza. Akifika, dagaa wametandazwa ufukwe mzima na bei iko chini.

Siku ya kuondoka, bibi alimsokotea ngata ya majani makavu ya mgomba. Aliyalainisha kwa maji kidogo, akayakaza kwa goti, akayazungushia kitambaa, kisha akaijaribu kichwani mwake mwenyewe kabla ya kumpa. Kwenye mteremko mzigo hutaka kukutangulia, na ngata iliyolegea hukuvunja shingo kabla hujaona maji. Nilikuwa mdogo, lakini lile goti la bibi juu ya majani naliona hadi leo.

Vituo vyake babu alivipanga kwa watu. Hapa alimwoza dada, pale alichanjiana damu na mwenye mji. Kila nyumba alipolala aliacha maharage, na wakati wa kurudi aliacha dagaa.

Waha, kabila letu, walikuwa na safari nyingine iliyoizidi hiyo kwa umri: chumvi ya Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi pale Ruchugi inapokutana na Malagarasi. Mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walipachunguza hapo miaka ya 1960, wakakuta kazi ya kuchemsha chumvi imeendelea kwa zaidi ya miaka 1,000. Nayo ilikuwa kazi ya kiangazi, kwa sababu masika mito hufurika na kuzimeza chemchemi. Watu walikwenda na vyungu, wakakata kuni, wakachemsha, na watawala wa Uvinza wakachukua fungu lao.

Fungu hilo la mwenye nchi ndilo lililomsumbua Henry Morton Stanley alipovuka Uha Novemba 1871 akimtafuta Livingstone. Mtemi mmoja, anayemwita Mionvu, alimtaka doti 100 za nguo, wakaafikiana 75. Mbele kidogo akatakiwa hongo nyingine, kisha akaambiwa watawala zaidi wanamngoja. Akaamua kuondoka usiku na kuiacha njia, akapita porini kimya mpaka akatoka nchi ya Waha. Vitabu vingi husimulia kisa hicho kana kwamba babu zetu walikuwa wanyang'anyi. Siafiki hata kidogo. Njia ilikuwa na wenyewe, waliolinda vivuko na kuuza chakula. Stanley alikuwa na mali ya kutosha, ila hakuwa na mtu wa kwao pale njiani.

Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, misafara ya wapagazi ikaisha. Vijana wa Uha wakaanza kushuka kwa jambo jingine: kupanda treni kwenda manamba, kukata mkonge Tanga. Wengine hatukuwaona tena.

Na ufukwe wenyewe haujawahi kuwa mwepesi. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walirundikana Kagunga, nyuma yao mlima, mbele maji, kipindupindu katikati yao. Barabara ya gari haikuwapo. MV Liemba, meli iliyoingizwa ziwani mwaka 1915, ndiyo iliyowasogeza Kigoma.

Nilimweleza kijana hayo yote. Gombe, iliyo kwenye njia hiyo, ni hifadhi ya taifa tangu 1968, hivyo kibali na mwongozaji avitafute mapema. Kuna mahali miamba inaingia majini na mchanga unakatika. Hapo utahitaji mtumbwi, na mtumbwi unaupata alfajiri ya siku za giza, wavuvi wanaporudi na kijiji kizima kiko macho.

Akaisogeza safari siku kumi na moja. Nikamwandikia jina la mzee wa kijiji cha Mwamgongo, ambaye baba yake alimlaza babu yangu, nikamfungia kilo tano za maharage. Akalalamika kwamba begi limekuwa zito. Nikamwambia kilo tatu ni za mzee, na zile mbili ampe mwenye mtumbwi.