Karamu ya Wapagazi Kwihara, 1871

Katika njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mpagazi alipata malipo yake kwa namna tatu: ujira, posho na zawadi. Ujira ulipatanwa kabla ya safari. Posho ilitolewa njiani ili watu wanunue chakula. Zawadi na karamu zilimtegemea mwenye msafara, naye alizitoa hasa pale watu walipofika salama au walipokaribia kuanza safari ngumu. Mfano ulioandikwa kwa undani ni karamu ya Kwihara, karibu na Tabora, ya Septemba 1871.

Kwihara ilikuwa sehemu ya Unyanyembe, kituo kikuu cha katikati ya njia. Misafara ya pwani ilibwaga mizigo hapo, wapagazi waliomaliza mkataba wakalipwa na kutawanyika, na wengine wakaandikwa kwa safari ya mbele. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, waliobeba mizigo ya frasila mbili hivi, yaani kilo 32, na wengi walitaka kuwa nyumbani mvua zinapoanza ili walime. Malipo yalikuwa ya nguo: merikani, kaniki na vitambaa vya rangi, vilivyopimwa kwa shuka na doti. Shanga na masango, yaani waya za shaba, vilitumika pia.

Nguo za posho zilinunulia chakula njiani, na kwa njia hiyo mali ya mwajiri iliwafikia pia watu ambao hawakuwa na mkataba naye. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyekuwa akimtafuta mpelelezi David Livingstone, alielezwa Zanzibar kwamba doti 10 za nguo, yaani yadi 40, zingetosha kuwalisha watu 100 kwa siku moja. Nguo hizo ziliishia kwa wakulima wa vijijini, waliotoa mtama, mahindi, viazi vitamu na kuku. Msafara uliokaa Unyanyembe kwa wiki kadhaa ulikuwa soko tosha kwa majirani.

Stanley alifika Kwihara Juni 1871, akapewa tembe la kukaa, nyumba ya udongo yenye paa bapa na ua ndani. Mapokezi yenyewe yalikuwa ya ukarimu. Waarabu wa Tabora walimpelekea sinia za wali na kuku wa mchuzi, mikate ya ngano, mapapai na makomamanga, kisha ng'ombe watano, kondoo wanane, mbuzi 10, kuku na mayai. Chakula cha kiasi hicho hakikuwa cha mtu mmoja. Mgeni mwenye msafara alikaribishwa pamoja na watu wake.

Mambo yaliharibika Agosti. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji, na Waarabu wakaenda kupigana naye, Stanley akiwa pamoja nao. Walishindwa. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliivamia Tabora na kuteketeza sehemu yake. Baadhi ya watu wa Stanley walikufa vitani, wengine wakatoroka, na wapagazi Wanyamwezi hawakutaka kusikia habari ya Ujiji. Ilibidi atafute Waungwana, watu wa pwani na Zanzibar, kwa ujira uliozidi wa kawaida, na apange kuzunguka kwa njia ya kusini.

Katikati ya Septemba, siku chache kabla ya kuondoka, aliwaandalia watu wake karamu ya kuagana. Walichinjwa ng'ombe wawili, nyama yao ikachomwa, pamoja na kondoo watatu, mbuzi wawili na kuku 15. Kulikuwa na ratili 120 za mchele, sawa na kilo 54, mikate mikubwa 20 ya unga wa mahindi, mayai 100, siagi na maziwa. Wapagazi na askari waliwaalika marafiki na majirani, hata wanawake na watoto wapatao 100 wakala pamoja nao. Baada ya chakula ililetwa pombe katika mitungi, na ngoma ikachezwa hadi usiku.

Karamu hiyo ilikuwa shukrani, na ilikuwa pia njia ya kuwashika watu. Msafara uliokwisha kupoteza watu vitani ulihitaji moyo, na jamaa waliobaki nyuma walihitaji kuridhika. Lakini nyama haikumaliza hofu ya vita wala ugumu wa kazi. Msafara ulipoondoka tarehe 20 Septemba, wengi hawakuonekana kwenye kambi ya kwanza. Watoro waliokamatwa walichapwa viboko na kufungwa mnyororo. Mkono uliochinja ng'ombe ndio uliotoa adhabu, na mpagazi hakuwa na chombo cha kumtetea zaidi ya miguu yake.

Stanley alimpata Livingstone Ujiji, na Krismasi ya mwaka huo iliwakuta wote wawili huko. Vyakula vya sikukuu vilipatikana katika soko la mji, lakini mpishi Ferajji aliunguza nyama na mlo ukaharibika. Februari 1872 walirudi Kwihara. Jioni ya tarehe 13 Machi, kabla ya Stanley kuelekea pwani, wapagazi wa msafara mwingine walikuja kumchezea ngoma ya kumuaga mlangoni pa tembe. Livingstone alibaki hapo hadi Agosti, akiwasubiri watu 57 walioandikwa pwani kwa ajili yake.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi wa masafa marefu katika njia hiyo ilipungua sana. Ujira ukawa wa fedha, na posho ikabaki kuwa jina la chakula au fedha ya kujikimu ambayo mfanyakazi hupewa nje ya mshahara. Desturi ya zawadi nayo haikufa. Baadhi ya waajiri nchini Tanzania hutoa mchele, sukari, mafuta ya kupikia au mbuzi wakati wa Idi na Krismasi. Tembe la Kwihara limehifadhiwa kama makumbusho ya Livingstone.