Kumfuata Adui au Kumngoja: Shauri la Mashujaa Baada ya Muta

Msomaji wa tenzi za kale amezoea kuwaona mashujaa wa Kiislamu wakiwa na moyo mmoja: akiuawa mwenzao, wote huondoka kumtafuta adui kwake. Ndivyo ulivyo Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani, na ambao hati yake ina tarehe ya mwaka 1141 Hijria, yaani 1728. Chanzo cha vita katika utendi huo ni kifo cha Jaafar bin Abi Talib. Lakini katika vitabu vya wanahistoria wa Kiarabu habari ni nyingine: shauri la kumwendea adui liliwagawanya mashujaa hao zaidi ya mara moja.

Mwaka 629 Mtume Muhammad (S.A.W.) alipeleka watu 3,000 upande wa Shamu, kwa sababu, asema al-Waqidi, mjumbe wake aliuawa na mkuu mmoja wa Kighassani. Aliweka majemadari watatu wa kufuatana: Zaid bin Haritha, kisha Jaafar, kisha Abdallah bin Rawaha. Walipofika Maan, katika nchi ambayo leo ni Jordan, walipata habari kwamba jeshi la Warumi na Waarabu wa mpakani ni kubwa mno. Walikaa siku mbili wakishauriana. Wengine walitaka Mtume aarifiwe kwanza, ama aongeze watu ama atoe amri nyingine. Abdallah bin Rawaha, naye alikuwa mshairi, aliwakumbusha kwamba hawakupata kutegemea wingi wa watu katika vita vyao, basi wakaendelea. Huko Muta majemadari wote watatu waliuawa, mmoja baada ya mwingine, ndipo Khalid bin Walid akashika bendera na kuliondoa jeshi. Masimulizi yataja maadui 100,000 na zaidi, hesabu iliyo vigumu kuisadiki. Majina ya Waislamu waliouawa, kama yalivyohifadhiwa, hayafiki 20.

Waliporudi Madina walirushiwa mchanga na kuitwa furrar, yaani watoro. Mtume akawatetea, akasema si furrar bali ni kurrar, yaani wenye kurudi tena vitani. Maneno hayo mawili yatofautiana kwa herufi moja tu, na katika herufi hiyo mna hukumu nzima: je, aondokaye vitani ili aje apigane siku nyingine ni mwoga au ni mwenye busara? Watu wa mjini walijibu hivi, na Mtume akajibu vile.

Mwaka 630 Mtume mwenyewe aliongoza jeshi mpaka Tabuk, na masimulizi husema lilikuwa la watu 30,000. Ulikuwa wakati wa jua kali na matunda kuiva, na wengi walitafuta udhuru. Hata Kaab bin Malik, ambaye imani yake haikuwa na shaka, alibaki nyuma, akasusiwa siku 50 kabla ya kusamehewa. Ali aliachwa Madina kwa amri. Huko Tabuk adui hakuonekana. Jeshi lilikaa siku zipatazo 20, mapatano yakafanywa na miji ya mpakani, kisha likarudi bila vita.

Shauri lilizuka tena mwaka 632. Kabla ya kufariki, Mtume alikuwa amemweka Usama, mwana wa yule Zaid aliyeuawa Muta, aongoze jeshi kwenda upande ule ule. Usama alikuwa kijana wa miaka ipatayo 20, na wazee walinung'unika. Mtume alipofariki, makabila yakaanza kuasi, na masahaba wengi wakaona si busara kuuacha mji bila ulinzi. Abubakar alikataa kuikunja bendera aliyoifunga Mtume. Alimsindikiza Usama kwa miguu, kijana akiwa juu ya mnyama wake, akamwomba ruhusa ya kubaki na Umar. Jeshi lilikwenda, likarudi salama.

Utendi umeyaacha mashauri hayo yote. Tambuka ya Mwengo ni vita vikuu dhidi ya Herekali mwenyewe, na Ali, aliyebaki Madina, ni miongoni mwa majabari wake. Pate ya siku hizo haikuwa ngeni wa mashauri ya vita: mwaka huo wa 1728 Wareno waliingia tena Mombasa kwa msaada wa Pate, na mwaka uliofuata wakafukuzwa.

Mshairi halaumiwi kwa hayo, maana utendi hutungwa ili kutukuza na kuliwaza. Lakini kijana aufundishwaye kama historia tupu hupata hasara. Atadhani ushujaa ni kufuata adui tu, wala hatawajua waliosema Maan kwamba ni heri kungoja, wala askari wa Khalid waliovumilia mchanga machoni. Nao pia walikuwa mashujaa.